Kata ya mbege na kifua cha mwanangu

Nilipoolewa Kibosho, Kilimanjaro, mwaka 1994 nilikuwa tayari muuguzi, nimemaliza chuo miaka miwili nyuma, ninajua kuzalisha, kupima presha na kumchoma mtoto chanjo bila mkono kutetemeka. Katika daftari langu la chuo, pombe ilitajwa mara moja tu kwenye somo la mama mjamzito, katika sentensi moja pamoja na sigara na kubeba mizigo mizito, na mwalimu aliipita haraka kwa sababu mtihani haukuwa na kawaida ya kuiuliza. Ninaanza na jambo hili kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba kinachotokea katika nyumba zetu hutokea kwa sababu mama hakusoma. Mimi nilisoma, na bado nilikunywa.

Mama mkwe wangu alikuwa mpishi wa mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi, aliyeheshimiwa kijiji kizima. Ninaikumbuka kazi yake kwa harufu yake: ndizi zilizoachwa ziive hadi maganda yakawa meusi, zikamenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi hadi zikageuka rangi, kisha zikaachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi ulioloweshwa ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa na kupikwa uji, na magome ya msesewe, ambayo ndiyo yanayoipa mbege ule uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Alipokuwa akichanganya, alionja kwa kidole, akafumba macho, akaongeza uji kidogo, akaonja tena. Mbege kwetu haihesabiwi pombe kwa namna ambayo gongo inahesabiwa pombe. Mbege ni posa, ni tambiko, ni namna ya kumkaribisha mgeni, na kwa wazee wengi ni chakula kama vyakula vingine. Kwa hiyo mimba yangu ilipofika miezi minne na nikawa ninachoka, mama mkwe hakuniletea kileo, bali kwa ufahamu wake aliniletea nguvu. “Kunywa mwanangu,” aliniambia, “ulezi ni damu.” Nilikunywa nusu kata, chombo chetu cha kunywea mbege, karibu kila jioni, na siku za Jumapili au za sherehe nilikunywa zaidi ya hapo, nami niliipokea kwa mikono miwili kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyenipenda.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Mei 1995, kwa wakati wake, akiwa na kilo 2.5. Alikuwa mzuri, analia kwa nguvu, na sura yake haikuwa na kasoro yoyote. Baada ya kujifungua nililelewa kama wazazi wa kwetu wanavyolelewa: nikakaa ndani, nikaletewa mtori, supu, maziwa, na mbege tena, safari hii ili maziwa yashuke.

Alipofikisha wiki tatu alipata homa na akaacha kunyonya. Tulilazwa siku kumi, akachomwa ampisilini na jentamaisini hadi mapaja yake yakawa magumu. Akiwa na miezi mitano alipata nimonia, na alipofika miezi minane ikarudi. Katikati ya hayo kulikuwa na utando mweupe mdomoni usiokubali kuisha, na sikio la kushoto lililotoa usaha wiki baada ya wiki, hata nikawa ninakata vitambaa vya pamba na kuvisokota kila asubuhi kama mtu anayeandaa tambi za taa. Usiku mmoja wa ile nimonia ya pili nilimlaza mapajani, nikamfunua fulana, nikasogeza taa ya chemli na saa yangu ya mkononi, nikahesabu pumzi zake kwa dakika nzima kama nilivyokuwa nikiwahesabia watoto wa watu wengine. Kwa mtoto wa umri ule, pumzi 50 kwa dakika tayari ni dalili ya nimonia. Mwanangu alikuwa na 68, na kila alipovuta hewa sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani, chini ya mbavu, mahali ambapo kidole changu cha mwisho kingeweza kutulia. Ninaweza kukuonyesha mahali hapo hata leo.

Katika miaka ile mtoto aliyeugua mfululizo alitazamwa kwa jicho moja tu. Minong'ono ilianza kabla ya vipimo. Mimi na mume wangu tulipimwa VVU, mtoto naye akafuatiliwa, na majibu yote yakatoka kuwa hatuna maambukizi. Ndugu walifurahi, nami nilifurahi, na hapo ndipo udadisi wa kila mtu ulipokoma. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Katika mafaili yote ya kulazwa kwake, ambayo kama mfanyakazi nilipata nafasi ya kuyasoma, hakuna mahali palipoandikwa mama alikuwa akila nini au akinywa nini wakati wa ujauzito. Siwalaumu wenzangu waliojaza mafaili yale, maana hata mimi, katika mamia ya mafaili niliyoyajaza kwa mkono wangu, sikuwahi kuuliza.

Jibu lilinifikia miaka mingi baadaye, mwanangu akiwa kijana wa sekondari mwenye afya ya wastani, na lilinifikia bila kulitafuta. Tulikuwa kwenye semina ya wauguzi na wakunga kuhusu watoto wachanga, na daktari bingwa wa watoto alianza kuzungumzia pombe. Nilitarajia picha za watoto wenye macho madogo, mdomo wa juu mwembamba na mfereji wa chini ya pua uliosawazika, kwa sababu hizo ndizo dalili tunazozijua vitabuni tangu daktari Lemoine alipoeleza huko Nantes, Ufaransa, mwaka 1968, juu ya watoto 127 wa wazazi walevi, na tangu Jones na Smith wa Seattle walipoupa ugonjwa huo wa watoto walioathiriwa na pombe tumboni jina la “fetal alcohol syndrome” mwaka 1973. Picha hizo alizionyesha, lakini kwa dakika chache tu. Kisha akachora ubaoni mtoto aliye tumboni, akachora duara dogo kifuani nyuma ya mfupa, na kusema kwamba siku ile angependa tuutazame upande ambao hauonekani usoni.

Duara lile lilikuwa tezi ya thaimasi. Kinga ya mtoto haianzi siku anayochomwa chanjo ya kwanza, alisema, bali inajengwa hatua kwa hatua kuanzia wiki za mwanzo za mimba: seli mama za damu huzaliwa kwanza kwenye kifuko cha kiini, zikahamia kwenye ini, na baadaye zikaweka makao kwenye uboho ndani ya mifupa. Sehemu ya seli hizo husafiri hadi thaimasi, na humo hufunzwa kutofautisha kilicho cha mwili na kilicho adui; zinazofaulu hutoka zikiwa askari kamili, na zisizofaulu huuawa humo humo. Nyingine hubaki kwenye ini na uboho, zikakomaa kuwa zile zitakazotengeneza kingamwili. Ni ujenzi wenye ratiba, na kinachovurugwa katika wiki fulani hakirudiwi kwa urahisi wiki nyingine.

Pombe huingia katika ujenzi huo bila kuzuiwa. Kondo la nyuma huchuja mambo mengi, lakini molekuli ya alkoholi ni ndogo mno, nayo hupita moja kwa moja, hivi kwamba muda mfupi baada ya mama kunywa, damu ya mtoto huwa na kiwango kinachokaribiana na cha mama. Tofauti iko katika kuitoa. Ini la mama lina vimeng'enya vya kuivunja. Ini la kijusi linavyo kwa kiasi kidogo sana. Tena sehemu ya alkoholi hiyo hukaa kwenye maji ya uzazi, mtoto akayameza, akakojoa humo humo, akameza tena, hata mama akawa ameshalala na kuamka, kilevi kimemwisha, na mtoto bado anaogelea ndani yake. Nilipoyasikia maneno haya nilikumbuka zile nusu kata za jioni. Nilikuwa nikizihesabu kama nusu kata. Sikuwahi kufikiri kwamba aliyekuwa akizimaliza polepole usiku kucha ni mwingine.

Daktari alieleza kwamba mengi ya yanayojulikana kuhusu jambo hili yametoka kwa wanyama wa maabara, na nilimheshimu kwa kulisema wazi. Panya waliokuwa tumboni mama zao wakipewa pombe walizaliwa na thaimasi ndogo yenye seli chache, na seli zao za kinga zilipochokozwa ziliongezeka kwa uvivu kuliko za wenzao. Ukuaji wa seli zinazotengeneza kingamwili nao ulichelewa. Kwa simbilisi, wale wanyama wadogo ambao hapa nchini baadhi ya watu huwafuga jikoni, ilionekana kwamba seli za mapafuni zenye kazi ya kumeza vijidudu vinavyoingia na hewa huwa dhaifu kwa watoto waliokuzwa na pombe tumboni: zinakutana na kijidudu lakini hazikimezi ipasavyo. Hapo niliacha kuandika. Nilikuwa naona kifua kinachobonyea.

Kwa upande wa binadamu, mwaka 1981 watafiti wa Marekani waliwachunguza watoto wenye ugonjwa ule wa Lemoine na Jones, wakakuta kwamba walikuwa wakiugua maambukizi mara nyingi zaidi na kwamba hali ya seli zao nyeupe ilikuwa pungufu. Mwaka 2005 Theresa Gauthier na wenzake wa Atlanta walichapisha kazi iliyonigusa zaidi, kwa sababu haikuhusu watoto wenye dalili za usoni. Waliwaangalia watoto wachanga ambao hawakuzaliwa njiti, wakawauliza mama juu ya unywaji wao, wakazingatia pia uvutaji wa sigara, na bado wakaona kwamba mtoto ambaye mama yake alikunywa sana alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata maambukizi siku za mwanzo za maisha. Wengine, kama Joanne Weinberg wa Vancouver, wametumia miaka mingi kuonyesha kwamba pombe tumboni huvuruga hata mfumo wa homoni za msongo, na kwa kuwa homoni hizo ndizo huiambia kinga lini iwake na lini itulie, kinga ya mtoto inaweza kuwa dhaifu mbele ya kijidudu na wakati huohuo kuwa kali kupita kiasi mahali isipohitajika, kama kwenye uvimbe usioisha. Hili la pili watu hulisahau. Tunasema “kinga imeshuka” kana kwamba kinga ni maji ya kisima, yanapanda na kushuka tu. Ukweli ni kwamba inaweza pia kupotoka.

Nilimfuata daktari wakati wa chai. Nilimweleza kila kitu, hata kata. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa uangalifu ambao ninaushukuru hadi leo. Alisema hakuna kipimo kinachoweza kuniambia kwamba nimonia ya mwanangu mwaka 1995 na 1996 ilitoka kwenye mbege. Aliniuliza jiko lilikuwa wapi. Nikamwambia tulipika kwa kuni katika nyumba ileile tuliyolala, na moshi ulikuwa mwingi. Aliniuliza uzito wa kuzaliwa. Alinikumbusha kwamba wakati ule hapakuwa na chanjo ya nyumokoko, kijidudu kinacholeta nimonia, chanjo ambayo watoto wa Tanzania walianza kuipata mwaka 2013. Mambo hayo yote hudhoofisha kifua cha mtoto, akasema, na pombe ni mojawapo ya vitu vinavyoweza kuwa vilikuwamo. Tunachokijua kwa hakika ni kuhusu watoto wengi kwa pamoja, si kuhusu mmoja aliyebebwa mgongoni. Sikutoka pale nikiwa nimesamehewa wala nimehukumiwa. Nilitoka nikiwa na swali ambalo tangu hapo sijaacha kuwauliza wengine.

Kuuliza kwenyewe nilikosea kwa karibu mwaka mzima. Nilikuwa ninamwangalia mama mjamzito kliniki, kadi yake mkononi, nikamuuliza, “Mama, unakunywa pombe?” Naye akajibu, “Hapana, sista.” Karibu wote walijibu hivyo, na hawakuwa waongo. Pombe, katika masikio yao, ilikuwa bia ya baa na gongo la vichochoroni, tena ni dhambi inayokemewa kanisani, nami nilikuwa nikiuliza nikiwa nimevaa sare, mbele ya wanawake wengine walioketi kwenye benchi. Siku moja mama mmoja aliyejibu “hapana” aliinuka kupanda mzani, na nikasikia harufu ninayoijua kuliko harufu yoyote duniani, harufu ya ndizi zilizochachuka na ulezi. Sikumkemea. Nilimpeleka pembeni, nikamuuliza, “Jana jioni, baada ya kutoka shambani, ulipata nini cha kunywa?” Akanijibu bila wasiwasi wowote: “Mbege kidogo, sista, ya kuondoa uchovu.” Tangu siku hiyo ninauliza hivyo. Ninauliza juu ya jana, juu ya Jumapili iliyopita, juu ya msiba wa mwisho au harusi ya mwisho, na ninataja vinywaji kwa majina yake, na ninauliza tukiwa wawili tu.

Akishanijibu, kuna mambo ambayo nimejifunza kuyasema mapema kabla ya woga kumfunga masikio. La kwanza ni kwamba hakuna kiwango cha pombe kilichothibitika kuwa salama katika ujauzito, na kwamba hilo linahusu mbege, bia, mvinyo na gongo bila upendeleo. Lingine, ambalo ninalisema kwa mkazo uleule, ni kwamba kuacha leo kuna faida hata kama mimba ni ya miezi saba. Kingamwili za mama huvuka kwenda kwa mtoto kwa wingi zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na mtoto anayezaliwa njiti hukosa sehemu kubwa ya akiba hiyo, kwa hiyo kila wiki ambayo mimba inatulia bila kilevi mtoto anawekewa kitu ambacho atakitumia baadaye. Mama anayeambiwa tu kwamba ameshaharibu hana sababu ya kuacha. Nimewaona wauguzi wenye nia njema wakimvunja mtu moyo kwa njia hiyo, na mwezi uliofuata mtu huyo hakurudi kliniki kabisa. Huyo tumempoteza na kinga ya pepopunda, na vidonge vya damu, na kipimo cha VVU, vyote kwa sababu ya sentensi moja. Na yule ambaye mwili wake umeshazoea pombe nyingi kila siku, akiacha akaanza kutetemeka na kutokwa jasho, ninampeleka kwa daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa kuacha ghafla bila uangalizi kunaweza kumdhuru yeye na mtoto.

Kuhusu maziwa, hapa imani ya kwetu imekita mizizi zaidi, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya rangi ya manjano tunayoyaita dang'a, na maziwa yanayofuata, yana kingamwili zinazolinda koo na utumbo wa mtoto, na kwa mtoto ambaye huenda kinga yake ilijengwa kwa shida tumboni maziwa hayo ni hazina kuliko kwa mtoto mwingine yeyote. Kwa hiyo simwambii mama aache kunyonyesha. Ninamwambia kwamba pombe huwa kwenye maziwa kwa kiwango kilekile kilichomo kwenye damu yake, kwamba hufika kileleni kati ya nusu saa na saa moja baada ya kunywa, kwamba kukamua na kumwaga hakuiharakishi kutoka, na kwamba kinachoiondoa ni muda tu, saa mbili hadi tatu au zaidi kwa kinywaji kimoja. Kuhusu kushusha maziwa, watafiti wa Philadelphia walionyesha mwaka 1991 kwamba watoto hunyonya maziwa machache zaidi katika saa zinazofuata baada ya mama kunywa pombe. Mbege tuliyopewa ili tujaze matiti ilikuwa ikimpunguzia mtoto mlo.

Mama mkwe wangu alikuwa bado hai nilipoyajua haya yote, mzee wa zaidi ya miaka themanini, akili yake timamu. Kwa miezi kadhaa sikuweza kumwambia. Kisha mke wa shemeji yangu mdogo akapata mimba, nami nikaona kata ikitolewa ukutani. Niliketi na mama mkwe nje, chini ya migomba, nikamweleza polepole, nikianza na thaimasi ambayo nilimwonyesha kwa kuweka mkono kifuani pake, nikimalizia na maji ya uzazi. Hakunikatiza. Alikuwa akichambua ulezi kwenye ungo, na vidole vyake viliendelea kutoa mawe madogo muda wote niliposema. Mwishoni aliniuliza, bila kuinua macho, “Kwa hiyo ni mimi niliyemwumiza yule mtoto?”

Nilimjibu kama daktari alivyonijibu mimi, neno kwa neno kadiri nilivyoweza: kwamba kulikuwa na moshi, kulikuwa na uzito mdogo, kulikuwa na chanjo ambayo haikuwapo, na kwamba kata iliyotoka mkononi mwake niliipokea mimi, muuguzi, niliyepaswa kujua. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama ubaya uko kwenye ulezi. Nikamwambia hapana, ulezi ni mzuri, ndizi ni nzuri, ubaya unaingia vinapochachuka pamoja. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na sufuria ndogo, akachota unga wa ulezi kabla haujafika kwenye pipa la ndizi, akaniambia niwashe moto. Uji ule aliupikia maziwa, akautia sukari kidogo, akaupeleka mwenyewe hadi nyumba ya pili, akitembea taratibu na fimbo yake mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba.